Oili Niliyoitia Pikapu ya Mkaguzi

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni seremala, lakini mtaa mzima unamwita Mkaguzi. Pikapu yake ina umri mkubwa kuliko ndoa yake, na kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, huikagua: stiki ya oili, maji ya rejeta, mkanda wa feni, upepo wa matairi. Kisha hulala chini chali kutafuta kinachovuja. Akimaliza huandika kwenye daftari. Nimemcheka miaka nenda rudi. "Shemeji, ungemkagua dada yangu hivyo, angekuwa amenenepa!"

Mzaha huo niliuacha dada alipougua figo. Sasa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi lazima awe hospitali saa moja asubuhi, asafishwe damu kwa mashine. Akikosa, maji yanamjaa mwilini na pumzi inakata. Njia ni mlima wa kupanda, halafu wa kushuka, na gari za abiria ni chache. Uhai wake uko kwenye pikapu ile. Hayo niliyajua vizuri, ndiyo maana ujinga wangu hauna pa kujificha.

Jumapili niliiazima kubebea mabati. Kabla ya kuirudisha nikafungua boneti, mimi niliyewahi kuendesha lori la magurudumu kumi (mara mbili tu, lakini niliendesha), nikaona kikopo cha mafuta ya breki kimepungua. Ngoja nimfurahishe shemeji, nikasema. Nikachukua galoni ya oili ya injini nikajaza hadi mstarini, na daftarini nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Breki nimejaza. Safi." Kikopo chenyewe kimechakaa, hakionyeshi rangi ya kilichomo. Mkaguzi alitazama Jumatatu, akatazama tena Jumanne, kimejaa. Akaniamini.

Jumanne hiyo nilikwenda nao kumshikilia dada. Tulipokaribia kilele, pikapu ikawa nzito kama inavuta nyumba. Harufu ya kuungua ikaingia, moshi ukafuka magurudumuni, tukasimama. Gari mbili zilitupita zimejaa. Ya tatu haikutaka hata kututazama.

"Mume wangu," dada akasema, akivuta hewa vipande vipande, "saa ngapi?"

"Bado mapema." Ilikuwa saa moja na robo.

Mkaguzi akafungua kikopo, akachovya kidole, akanusa. "Shemeji, ulijaza nini humu?"

"Oili."

"Oili ipi?"

"Ile nzuri. Ya injini."

Nikangoja tusi. Halikuja, na hilo ndilo lililonichoma. "Oili hiyo huvimbisha mipira ya breki," akasema polepole. "Zimeshika, haziachii." Akaingia uvunguni na spana, akalegeza skrubu za kutolea upepo, uchafu mweusi ukaruka, magurudumu yakaachia. Akazikaza tena.

"Sasa tuna breki?"

"Nikikanyaga zitashika tena. Tuna breki ya mkono, gia, na wewe."

Akanipandisha nyuma na kipande kinene cha mbao. Akipiga honi, niruke nikiweke mbele ya gurudumu. Tukavuka kilele, tukashuka kwa gia namba moja, injini ikipiga mayowe. Kupitia kioo nilimwona dada, kichwa amekiegemeza mlangoni, midomo imekuwa rangi ya majivu. Mimi mwenye mdomo mrefu nikawa namwomba Mungu anichukue mimi. Honi ililia mara mbili. Mara ya pili nilianguka, magoti yote yakachunika, gurudumu likapanda nusu ya mbao ndipo likatulia.

Tulifika saa mbili na dakika arobaini. Muuguzi akaitazama miguu ya dada ilivyovimba.

"Kiti chake kina mtu. Akitoka, nitamweka kwenye mashine kwa saa mbili tu badala ya nne. Zaidi siwezi."

"Zitatosha?" Mkaguzi akauliza.

"Hazitoshi, baba. Alhamisi msichelewe hata dakika moja."

Mkaguzi hakukaa kwenye benchi. Alitoka uwanjani, akaweka jeki, akaanza kufungua gurudumu la kwanza.

"Shemeji, nifanye nini?" nikauliza.

Hakuinua uso. "Nenda duka la spea ulete mipira ya breki. Mafuta ya breki usiguse. Nitanunua mwenyewe."

Nikakimbia, suruali imegandamana na damu ya magoti.