Wimbo wa Kusukia Maziwa

Mwezi uliopita nilirudi Eldas, na kwa mjomba nikakuta haan ya nyanya imetundikwa sebuleni kama picha. Ni kile chombo cha kusukia maziwa, kilichofumwa kwa mizizi. Nikakishusha, nikafungua kifuniko, nikanusa. Harufu ya moshi aliokuwa akikifukizia bado imo. Mjomba alinicheka, lakini wewe, rafiki yangu, najua hungenicheka.

Maana kila asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, nyanya aliketi mlangoni na chombo hicho mapajani, akakisukasuka huku akiimba. Sauti yake, nisikudanganye, ilikuwa ya kukwaruza. Alikatiza wimbo akakohoa, akafukuza kuku, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Maneno yalibadilika kila siku. Jana aliimbwa mbuzi aliyevunjika pembe, leo naimbwa mimi niliyejificha nisiende madrasa. Wala wimbo haukuwa na mwisho wake. Siagi ilipojikusanya, nyanya aliitambua kwa mlio, akanyamaza hata kama neno lilikuwa katikati. Hapo nililambishwa siagi kidogo kidoleni, na siku yangu ikaanza.

Nilipofika darasa la sita, mwalimu wetu, mtu wa bara mwenye moyo mzuri sana, alitutaka tulete nyimbo za nyumbani kwa ajili ya mashindano ya shule. Nikampelekea ule. Aliupenda mno! Akaugawa kwa sauti tatu, akachagua beti nne zisizobadilika, akauwekea makofi na mwisho mzuri. Kikohozi hakikuwemo, bila shaka. Tukashinda, tukarudi na kikombe, nami nikavimba kichwa.

Siku ya wazazi, nyanya alikuja kutusikiliza. Alipiga makofi kuliko watu wote, kisha akamwambia mwalimu kwa Kiswahili chake, "Walimu, wimbo yako nzuri sana, wallahi. Lakini siagi itabatikana wabi, kama watoto anasimama tu?"

Mwalimu alicheka hadi akafuta machozi. Mimi niliona aibu.

Kesho yake alfajiri, nyanya alipoanza tu kuimba, nikamkatiza. "Ayeeyo, unakosea," nikamwambia. "Wimbo hauko hivyo." Na kweli nikaketi kumfundisha, mimi mtoto wa miaka kumi na miwili, zile beti nne za mwalimu. Alinifuata polepole, akitabasamu, akiogopa kukosea. Siagi ilichelewa sana siku hiyo. Tangu hapo, kila nilipokaribia mlangoni alisuka maziwa kimya. Nikiwa mbali niliisikia sauti yake ikianza, nikisogea inakatika. Sikumwomba aendelee. Niliona ni sawa tu.

Baadaye nikapelekwa shule ya bweni Garissa, na nikiwa huko nyanya akafariki, Mungu amrehemu. Siku hizi Eldas maziwa yanauzwa kwa pakiti, na harusini kuna kijana hodari wa kinanda. Sina ugomvi naye, hata mimi hucheza. Lakini binti yangu anaponiomba nimwimbie kama alivyoimba nyanya, naitafuta ile sauti ya kukwaruza, namtafuta yule mbuzi, na kinachotoka ni beti nne, safi, zimepangika. Binti yangu anazipenda sana. Sijamwambia bado kwamba nyanya aliziimba asubuhi moja tu, ili kunifurahisha mimi.