Meli ya Watoto wa Sadaka

Nakumbuka alasiri moja nilipokuwa nashuka ngazi ya meli, nguo zangu nimezifunga ndani ya shuka, nimeapa moyoni kwamba sirudi tena. Nilikuwa na umri kama wako, mjukuu wangu Benita. Kaa basi. Tangu asubuhi unafungasha begi na kulifungua, unakwenda dirishani, unarudi. Mtaa huu wa Jeppestown hauhami. Basi la Durban linaondoka kesho, nami nina neno la kukuambia kabla hujapanda, au hujakataa kupanda.

Nimesikia walichokuambia kule saluni. Eti meli unayokwenda kusomea ubaharia ni ya watoto wa barabarani, wasio na kwao, na msichana mwenye akili angetafuta kazi ya kufagia ofisi za matajiri kule Sandton kuliko kulelewa na wafadhili. Eish, maneno hayo nayajua. Niliyasikia kabla mama yako hajazaliwa.

Mimi nami nililelewa melini. Baba na mama walikufa katika vurugu za kwetu Kongo, nikawa nalala sokoni, katika mji mmoja kando ya Ziwa Tanganyika. Wamisionari walikuwa na meli kuukuu iliyofungwa gatini. Waliwaokota watoto kama mimi, wakatulaza humo, wakatulisha, wakatufundisha kazi: wengine useremala, wengine kushika usukani, mimi injini. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Kalonda, fundi mkimya mwenye kovu la moto shavuni. Kila siku tuliisafisha injini ile, tukaiwasha, meli ikatetemeka yote kama inataka kuondoka, kisha tukaizima. Hatukwenda popote. Hilo peke yake lilitosha kunitia wazimu.

Lakini lililoniuma zaidi lilikuwa jina. Tukipita sokoni, muuza samaki mmoja, Mama Zaina, alipaza sauti: "Shikeni pochi zenu, watoto wa sadaka hao!" Watu wanacheka. Nikirudi melini, naisukuma sahani kando.

Basi alipotokea mwenye lori akitafuta vijana wa kupakia mizigo, sikuuliza anakwenda wapi wala ni mtu wa namna gani. Nilifunga nguo zangu. Mzee Kalonda akanikuta kwenye ngazi.

"Umeiba?" akaniuliza.

"Hapana, mzee."

"Umemuumiza mtu?"

"Hapana."

"Sasa aibu hii unayoikimbia ni ya nani?"

Nilikaza fundo la shuka langu. Akafoka, yeye ambaye sikuwahi kumsikia akifoka. "Waliowaua wazazi wako hawaoni haya. Wewe uliyenusurika ndiye unayejificha? Ukitaka kwenda na lori, nenda, hakuna aliyekufunga. Ila uende kwa kuwa unakutaka huko. Usiende kwa sababu Mama Zaina amecheka."

Sitakudanganya kwamba nilielewa. Nilirudi chini nimenuna, nikaokota tambara, nikakisugua chuma kile kama vile nampiga mtu.

Haukupita muda mrefu, vita vikatufikia. Mchana kweupe tulisikia bunduki upande wa milimani. Watu wakamiminika gatini na watoto migongoni, na chombo kilichokuwapo kilikuwa kimoja tu, meli yetu, ambayo mji mzima uliamini haiwezi tena kutoka. Wakapanda mpaka sitaha ikajaa. Tukakata kamba. Injini ikawaka, ikatutoa, lakini tulipokuwa tumesogea kidogo tu kutoka ufukoni, pampu ya maji ya kuipoza ikakwama. Injini ingezimika pale, upepo ungeturudisha kulekule kwenye risasi. Mzee Kalonda akanielekeza kwenye pampu ya mkono. Nikapampu. Wenzangu wakanipokea, nikapampu tena, ngozi ya viganja ikachunika, mvuke ukatuchoma macho. Juu yetu watoto walikuwa wanalia, watu wazima wanasali. Nilitaka kukimbia, mwanangu, na pa kukimbilia hapakuwapo. Lakini mikono ilijua la kufanya.

Tulifika ng'ambo. Nilipopanda sitahani kuvuta pumzi, nilimkuta Mama Zaina ameketi juu ya kapu tupu, mjukuu wake amemlalia mapajani. Alivitazama viganja vyangu, akaninyooshea kikombe cha maji. "Kunywa, fundi," akasema. Hakuomba msamaha, nami sikumdai.

Tangu siku ile nimezunguka nchi nyingi mpaka kufika Johannesburg hii. Kila karakana niliyobisha hodi waliniuliza naweza kufanya nini. Sijakutana bado na aliyeniuliza ni nani alikuwa ananilisha nilipokuwa najifunza.

Kwa hiyo nakuambia wazi. Usiache aibu ikuchagulie njia. Kufiwa si kosa lako, na kusaidiwa si kosa. Kinachotolewa kwa nia njema kipokee bila kuinama, ujifunze mpaka kiwe chako, kiasi kwamba hata meli hiyo ikizama ujuzi unabaki na wewe. Kutotulia kwako sikulaumu, mimi mwenyewe bado sijatulia na uzee huu. Ila ujiulize kila mara miguu inapowasha: nakwenda mahali, au nakimbia kicheko cha mtu? Halafu, mwanangu, si kila anayejiita mfadhili ni mtu mwema. Mtu akikuonea huko, akikugusa asipopaswa, usivumilie ili uonekane una shukrani. Nipigie simu, nitakuja mwenyewe. Hapa ni kwenu.

Nenda, Benita. Mungu akae nawe pale ambapo marehemu mama yako angependa kukaa. Akupe walimu wakali wasio na dharau, akupe wenzako wa kukupokea mikono ikichoka, na maji yakubebe yakurudishe ukiwa mzima, ukiwa fundi wa kazi yako. Amina.