Makaa ya Mifupa ya Rahmo

Rahmo binti Olow hakuwa mtu wa ugomvi. Watu wa Wajir walimjua kwa vyombo vya maziwa alivyovisuka kwa mizizi na kuvifukiza kwa vijinga vya moto, hata maziwa ya ngamia yakakaa humo siku kadhaa bila kunuka. Lakini mwaka wa 1942, mwaka mmoja baada ya jeshi la Waingereza kuondoka na malori yake, aliingiwa na hasira ambayo hakuiacha mpaka anazikwa.

Mumewe, Nunow, alikuwa mteka maji. Kutwa alivuta kamba kisimani akinywesha ngamia wa watu, na kila akichoka alikunywa palepale. Kiangazi kile alianza kulalamika tumbo linamkata. Fizi zikafanya mstari wa buluu. Kisha asubuhi moja alipoishika kamba, kiganja cha mkono wa kulia kilimlegea kikaning'inia. Akakiinua kwa mkono wa kushoto, akakiachilia, kikaanguka tena. Mwanamume aliyenywesha ngamia mia kwa siku sasa hakuweza kushika kikombe. Punda wawili waliozoea kunywa hapo walitetemeka wakafa.

Majirani walisema kisima kimeingiwa na jini. Rahmo hakubishana nao. Alikizunguka kisima akitazama chini, na hatua kumi tu kutoka ukingoni akaliona handaki ambamo mafundi wa jeshi walitupa betri mbovu za malori. Zilikuwa zimepasuka, vibao vyake vya madini ya risasi vimezagaa, na jiwe jeupe la chokaa chini yake limeliwa mashimo na tindikali yake. Akateka maji akayaonja. Yalikuwa na ladha ya msumari.

Alikwenda siku hiyohiyo ofisini kwa afisa Mwingereza aliyesimamia wilaya. Mkalimani alikuwa Billow, mtu wa ukoo wake. Afisa alisikiliza bila kuinua kichwa, akasema wenyeji wanakunywa pamoja na wanyama halafu wanashangaa kuugua, na asiyekipenda kisima kile aende kingine. Kisima kingine kilikuwa mwendo wa nusu siku, na mifugo haikuruhusiwa kuhamishwa bila kibali chake yeye mwenyewe.

"Umemwambia ni betri zao?" Rahmo aliuliza.

"Nimemwambia, abaayo, dada yangu. Anasema ni mali ya jeshi, hana ruhusa ya kuzigusa."

"Kuziondoa hana ruhusa. Sisi kuzinywa tunayo."

Billow aliinama. Maneno yale hakuyatafsiri.

Njiani Rahmo alikuwa na ghadhabu, lakini akili yake ilikuwa imeshaanza kazi. Kama kijinga hula harufu ndani ya chombo cha maziwa, huenda mkaa ukala na ladha hii. Alijaribu mkaa wa mgunga. Ladha ikapungua, haikwisha. Ndipo alipoikumbuka mifupa ya ngamia iliyorundikana machinjioni, takataka walizoachiwa fisi. Akaijaza ndani ya debe, akaufunika mdomo kwa bati na kuuziba kwa udongo, akalifukia debe chini ya moto wa samadi tangu asubuhi hadi alasiri. Mara ya kwanza udongo ulipasuka, hewa ikaingia, mifupa ikawa majivu meupe yasiyofaa kitu. Mara ya pili ilitoka myeusi, myepesi, yenye vitundu vidogo vidogo, na ukiigusa kwa ulimi inanata.

Akaitwanga iwe chenga, akaiosha, akaijaza ndani ya debe lililotobolewa chini, juu ya mchanga. Maji yalidondoka polepole. Ladha ya msumari haikuwamo. Hata hivyo hakuuamini ulimi peke yake. Alichukua mbuzi wawili wa mama mmoja. Mmoja akamnywesha maji ya kisima, wa pili maji ya debe. Baada ya miezi miwili yule wa kwanza alikuwa akiyumba, na wa pili amezaa. Hapo akawaita majirani, akawafundisha wote. Kila wiki ya pili alibadilisha makaa, na yaliyotumika akayazika mbali, watu wasije wakayatupa karibu na maji.

Tumbo la Nunow lilipoa. Mkono ulirudi nusu: kikombe alishika, kamba hakushika tena maisha yake yote.

Kisha akaja mpishi wa afisa na madebe mawili, akisema bwana amemtuma aletewe maji ya makaa, na kwamba tangu mwanzo wa kiangazi bwana hajakigusa kisima kile kwa kuogopa betri zile. Rahmo aliyapokea. Akamjazia madebe. Halafu akashuka handakini, akajaza gunia vibao vya betri, akalibeba mgongoni hadi ofisini na kulimwaga barazani.

"Mwambie maji nimempa, kwa sababu mwenye kiu hanyimwi," alimwambia Billow. "Lakini alikuwa akijua, na akatuacha tunywe. Safari hii tafsiri yote."

Billow alitafsiri yote. Afisa alipiga kelele, akatishia kifungo. Ila watu walikuwa wameshajaa uani, wengi wao wafiwa na wagonjwa wa maji yale, na hakuna aliyeondoka. Kesho yake wafungwa walipelekwa kulifukua handaki, na kwa siku tatu betri zilibebwa hadi jangwani.

Miaka baadaye Billow alimwambia kilichoandikwa katika faili: kisima kilisafishwa kwa juhudi za ofisi. Rahmo alimwuliza kama mkono wa Nunow umeandikwa humo. Billow akasema haukuandikwa. Rahmo akamgeuzia mgongo, akaendelea kuziba debe kwa udongo, kwani jiwe lile la chokaa kisimani bado lilikuwa likitoa sumu, na wanawake kutoka Eldas walikuwa wamekaa kivulini wakisubiri kufundishwa.