Ziwa la Mzee Kona

Mume wangu hakuwahi kunitembeza popote. Miaka thelathini na moja aliendesha lori la mbao kwenye barabara ya milimani, hata madereva wenzake wakambatiza Mzee Kona, na mimi nikabaki mjini na pasi yangu, nikinyoosha mashati ya watu. Kila mwaka aliniambia kwamba kule juu kuna mahali unasimamisha gari ukaliona ziwa zima chini yako, na iko siku atanipeleka. Akastaafu, siku haijafika. Basi Jumamosi moja ya vuli, baridi inauma masikio, aliponiambia, "Mke wangu, vaa koti, leo tunakwenda kutembea," sikufurahi. Nilijiuliza amefanya nini.

Dobi hujua mambo. Mara tatu mwezi ule nilikuta majani mekundu, makavu, kwenye mapindo ya suruali yake, na mtaani kwetu miti ya namna hiyo haipo. Nilipomuuliza, alisema alikuwa gereji. Gereji gani hiyo inaota miti? Nilivaa koti, nikapanda gari, nia yangu moja tu: kumfumania.

Alianza kupanda mlima polepole, mikono miwili kwenye usukani.

"Hebu nieleze unachokiona," akasema.

"Kwani vipi?"

"Leo nataka nione kwa macho yako."

Maneno hayo hakuyaokota nyumbani kwangu, hilo nilikuwa na hakika nalo. Hata hivyo nilimweleza, kwa kununa. Lori la kijani linakuja. Mbuzi wawili wanavuka. Mti mzima umegeuka manjano. Kila nikisema kitu, alisogeza gari pembeni kidogo au akapunguza mwendo, kisha, "Ahsante, mama." Mwanamume aliyekula chumvi nyingi hivi, ghafla anakuwa mtamu! Nikajua mambo yameshaharibika.

Huko juu palikuwa na kibanda cha chai. Muuzaji, mwanamke mnene kiasi, shali limemkaa vizuri, alitoka mbio.

"Mzee Kona! Leo umemleta mwenyewe!" Kisha akanigeukia. "Shemeji, huyu hachoki. Mwezi huu hii ni mara ya nne."

Kumbe nimeshazungumzwa mpaka nimekwisha. Akaleta chai. Mume wangu alinyoosha mkono, akaukosa ule mkono wa kikombe, na yule mama, bila haya, akamshika vidole na kumkunjia kikombeni. Mbele yangu! Chai yangu sikuinywa. Niliona wivu.

Tulipotoka kwenda kwenye ukingo wa barabara, alinishika bega kana kwamba sisi ni wachumba. Nikamtoa mkono.

"Mimi si mtoto. Ni huyu?"

Akashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. 

"Ukiona ni hivyo, basi ni hivyo. Lakini kwanza tazama ziwa."

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga, vyote pamoja. Yeye akanyoosha kidole mbele.

"Lile pale. Leo limetulia. Unaiona mitumbwi? Na ile nyumba ya mabati mekundu, moshi unatoka jikoni."

Nikatazama. Ukungu ulikuwa umefunika dunia yote. Hatua kumi mbele yetu sikuona hata jiwe. Nikadhani ananitania. Nikamgeukia, na alikuwa anautabasamia ukungu ule kwa furaha kabisa. Nikapunga mkono mbele ya uso wake. Hakupepesa.

"Tangu lini?" nikauliza.

Tabasamu likaisha. "Jicho la kushoto lilikwenda mwaka jana. La kulia linakwenda sasa. Naona kivuli tu. Nilikuwa nakuja kuikariri njia. Nilitaka nikulete mwenyewe."

"Ukaendesha hivyo? Na mimi ndani?"

"Kona nazijua zote. Nisichokijua ni magari, ndiyo maana nilikuwa nakuuliza."

Nikakumbuka. Lile lori la kijani! Nilimnyang'anya funguo, nikamtukana matusi ambayo sikujua kwamba ninayajua, na yeye akayapokea kichwa chini.

"Na kuhusu yule mama, mbona ulikubali?"

"Nilidhani hilo ungenisamehe upesi zaidi."

Yule muuza chai alitutafutia dereva wa kututeremsha. Tukakaa kwenye benchi kumsubiri, baridi imetuingia mpaka kwenye mifupa.

"Lakini ziwa umeliona?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nimeliona," nikamwambia. "Ni kubwa."

Nikamshika mkono, maana sikujua la kufanya. Mwanamke ningemng'oa nywele. Hili la macho ningelishika wapi?