Siku Redio Aliponyamaza

Mdogo wangu tulimwita Redio, na jina hilo wala hakupewa na mtu mmoja. Lilizuka tu saluni, kwa sababu ukikaa kwenye kiti chake unasukwa huku unasomewa habari. Nani kaachwa, nani karudiwa, nani kanunua friji na umeme hana. Vidole vinakwenda, mdomo unakwenda, na kichwa hakikuumi maana muda wote unacheka. Kuna wateja walikuwa wanakuja na nywele zilizosukwa juzi tu, wanataka zifumuliwe wasukwe upya. Usiniambie walifuata nywele.

Mimi ni dada yake mkubwa. Nauza mabeseni na ndoo sokoni, na mdomo wangu nao haujambo, lakini mbele ya Redio nilikuwa naweka silaha chini. Shuleni alitolewa darasani kwa kuongea, akaitwa aombe radhi, akatolewa tena kwa sababu radhi yenyewe ilikuwa ndefu mno. Akiumwa jino, mtaa mzima unajua ni jino lipi. Alipoolewa na shemeji yangu, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, mtu mkimya mpaka unasahau kama yumo chumbani, nilimwambia, "Mwenzangu, umepata msikilizaji wa kudumu." Akanijibu, "Msikilizaji gani? Masikio yote yameliwa na chuma." Tukavunjika mbavu.

Mtoto alichelewa kuja. Walingoja miaka, na mimba mbili zikatoka kabla hata majirani hawajajua. Kila ilipotoka, saluni ilikuwa inapoa kwa muda, anasuka bila habari, kisha polepole anawasha mitambo tena. Hii ya tatu ilipovuka ule muda wa hatari na tumbo likatokeza, alinunua stuli asisuke tena amesimama. Akawa anaongea na tumbo huku anasuka. "Nimempa habari zote za mtaa," aliniambia. "Akizaliwa, hakuna kitakachomshangaza." Nikimtazama hivyo nilikuwa naogopa. Nilijua hii nayo ikiondoka, mdogo wangu haondoki salama.

Sasa mama yetu. Hapa lazima nieleze vizuri msije mkamhukumu bure, ingawa mimi mwenyewe kuna siku namhukumu. Mama alifua mashuka hospitalini maisha yake yote ya kazi. Chumba cha kufulia kilipakana na leba, ukuta ni mmoja. Kwa hiyo alisikia kila kitu. Alisikia wanawake wakilia, na alisikia manesi wa enzi hizo walivyowajibu. "Ulipokuwa unaitafuta ulipiga kelele hivi?" "Funga domo, wewe si wa kwanza kuzaa." Na vibao alivisikia. Kisha mashuka ya wanawake haohao yanamjia yeye kufua, na mengine anamjua mwenyewe wake, ni jirani yake. Mama akaapa kwamba yeye na wanawe hawatatukanwa vile. Sisi sote alituzaa ameuma pindo la shuka, manesi wakamsifu mbele ya watu, na sifa hiyo hakuiweka chini tena.

Mimi nilimwangusha. Uchungu wa mtoto wangu wa kwanza uliponishika niliita ukoo mzima, walio hai na waliokufa, nikaongeza na wa mume wangu. Mama alininunia siku nyingi. "Umenivua nguo," ndilo neno alilosema. Basi tumaini lake lote likahamia kwa Redio. Miezi ile ya mwisho alikuwa anakwenda saluni kila jioni, anakaa nyuma ya stuli na kumfunda. Uchungu unamezwa, mwanangu. Ukipiga kelele unaipoteza nguvu ya kusukuma na unajidhalilisha mbele ya watoto wadogo wa juzi waliovaa sare. Jikaze, mbona mimi niliweza? Redio akawa anacheka, "Mama, nijikaze mimi? Mimi huyu?" Lakini nilimwona anavyosikiliza. Hajawahi kupewa na mama kazi akaikataa, tangu utoto wake. Mimi ndiye niliyekuwa nakataa za watu wawili.

Uchungu ulimwanza asubuhi, akiwa katikati ya kichwa cha mteja. Alikimaliza, jamani. Alisuka mpaka msuko wa mwisho, akafagia, ndipo akampigia mumewe simu. Tulipofika hospitali, mlinzi akatusimamisha mimi, mama na shemeji mlangoni, Redio akaingia. Ndugu hawaruhusiwi leba. Tunakaa kwenye benchi koridoni, chini ya madirisha madogo yaliyo juu kabisa karibu na dari. Ng'ambo ya korido ni chumba cha watoto wachanga wanaougua, kina dirisha la kioo, na kila anayepita anajifanya hakioni.

Siku ile mkunga alikuwa mmoja. Mwenzake alikuwa ameondoka na gari la wagonjwa kumsindikiza mama mwingine hospitali kubwa. Huyu aliyebaki alikuwa mwembamba, ana raba miguuni na macho mekundu, na alitoka mara moja kutuambia ukweli wake. "Niko peke yangu na vitanda vimejaa. Nakwenda kwa masikio. Sauti ikibadilika najua mtoto yuko karibu, nakimbilia hapo. Mniombee tu." Alisema kwa upole. Mimi nilikuwa nimekuja na matusi tayari mdomoni, nikayameza.

Mama akamjibu kwa furaha, "Wa kwangu hatakusumbua, mwanangu."

Basi tukakaa tunasikiliza. Benchini kila familia ilikuwa inajua sauti ya mtu wake. Kulikuwa na mmoja anamtukana mumewe tusi kwa tusi, anaahidi kwamba akitoka pale atampeleka kwao akalelewe upya, na mume mwenyewe tumekaa naye, kainamisha kichwa, anachezea funguo. Watu wakacheka. Mwingine alikuwa anamwita Mungu na muuza duka aliyemuuzia dawa mbovu, wote kwa pamoja. Sauti moja inapanda, raba za mkunga zinakimbia, kidogo tunasikia mtoto analia, na familia moja inanyanyuka benchini ikishukuru. Kisha ya pili. Kisha yule mwenye funguo naye akaitwa.

Wa kwetu hakusikika hata kidogo.

Mkunga alipochungulia kuita ndugu wengine, nikamuuliza habari za mdogo wangu. "Yule wa kitanda cha mwisho? Ametulia kabisa," alisema. "Huyo bado sana." Akarudi ndani. Mama akajiweka vizuri, akawatazama wale waliobaki benchini. "Mmesikia?" akasema. "Ametulia."

Mtu akijikwaa kidole anatoa hotuba, leo yuko leba tangu asubuhi na sasa jua limeshapinduka, na hata "aa" sijaisikia? Nikamwambia mama, hapa pana jambo. Akanikata jicho. "Pana jambo gani? Kwa kuwa hapigi makelele kama wewe?"

"Mama, huyu ni Redio."

"Huyu ni mwanangu. Kaa chini usituaibishe."

Shemeji naye akanyanyua kichwa. Kwa kawaida ukimtoa neno shemeji yangu umefanya kazi. "Dada," akaniambia, "kweli mbona simsikii?"

Hapo nikapandwa na mori. Nilimwendea mlinzi, akaanza kunisomea sheria, nikamwambia sheria atamsomea mkewe, nikapita chini ya mkono wake. Mimi ni mnene, lakini siku ile nilipita.

Kitanda cha mwisho kilikuwa pembeni, ubavuni pa ukuta. Redio alikuwa amelala ubavu, ameshika chuma cha kitanda mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na shuka ameisokomeza mdomoni, ameuma. Macho yamemtoka. Jasho limelowanisha godoro. Nilipoivuta ile shuka ilitoka na damu ya fizi. Nilidhani atanimwagia maneno yote aliyoyafungia humo. Akaninong'oneza tu, "Mama yuko hapo nje? Ananisikia?"

Nikamwambia, "Lia! Wee, lia!" Akatikisa kichwa.

Mkunga alikuwa kitanda cha tatu, mikono yake yote miwili iko kwa mtoto wa mtu anayetoka. Nilimwita, akageuza shingo tu, lakini macho yake yakaangukia maji yaliyokuwa chini ya mdogo wangu. Yalikuwa ya kijani, rangi ya mtoto aliyechoka tumboni. Alimlaza yule mtoto tumboni kwa mama yake, akaja, akaweka kile chombo chake kama pembe juu ya tumbo la Redio, akasikiliza. Akakihamisha, akasikiliza tena. Uso wake ukabadilika. "Huyu njia ilifunguka yote zamani," akasema, na hata si mimi alikuwa ananiambia. Kisha akapaza sauti aitwe daktari, na mimi nikasukumwa nje.

Walimvuta mtoto kwa mashine. Tuliokaa benchini tulisikia vyuma, tukasikia daktari anasema "sukuma", tukasikia kimya. Mama alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, mdomo umefunguka kidogo, anangoja. Sote tulikuwa tunangoja sauti moja tu. Badala yake mlango ukafunguliwa, nesi aliyekuja na daktari akavuka korido mbio na kitu kidogo kilichofunikwa kitambaa cha kijani, akaingia chumba kile cha kioo.

Daktari alikuwa kijana, akatueleza akiwa amesimama. Mtoto ni wa kiume, mzito, mzuri. Alikwama njiani muda mrefu na hewa ikampungukia. Sasa wanampulizia, moyo unapiga lakini kwa uchovu. "Hajalia," alisema. "Akilia mwenyewe tutakuwa na pa kuanzia." Shemeji akamuuliza ingekuwaje kama wangejua mapema. Daktari akatazama chini. "Mapema tungemtoa," akasema. Ningependa angetudanganya.

Tukaruhusiwa kumwona Redio. Mkunga alikuwa anamfuta uso. Hakuwa anamlaumu, nashuhudia, alikuwa kama mtu anayeuliza njia. "Dada yangu, mbona hukuniita? Nilikuwa hapa hapa. Ungeniita tu."

Redio akasema, "Sikutaka kukusumbua."

Mama alikuwa nyuma yangu. Sikugeuka kumwangalia. Nilikuwa na maneno tayari, ya kuchoma, niliyoyaweka tangu aliponinunia, na nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kuyatoa. Shemeji akanishika kiwiko. Nikaiachia ile pumzi bure.

Alasiri wakatuwekea Redio kwenye kiti cha magurudumu akamwone mwanawe. Tukasimama kwenye kile kioo. Mtoto alikuwa amelala chini ya taa, mpira puani, nywele nyingi zimelala, nywele za kusuka kabisa. Amefumba macho, amekunja ngumi. Kifua kinapanda, kinakaa, unahesabu moyoni, kinapanda tena.

Mama akakisogelea kioo mpaka paji la uso likakigusa. Nilidhani anaomba dua. Nikasogea nikasikia.

"Lia, baba," alikuwa anasema. "Lia, mjukuu wangu. Lia kidogo tu. Piga kelele, baba, hakuna atakayekusema. Lia."

Aliendelea hivyo, sauti yake ikazidi kupanda, kioo kikawa na ukungu wa pumzi zake, akaufuta kwa kiganja, akaendelea. Nesi wa ndani akatuangalia akarudi kwenye kazi yake. Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa bado nina hasira naye, vyote kwa wakati mmoja, sijui moyo wangu ulivipakia wapi.

Redio akanyoosha mkono akamshika mama upindo wa nguo.

"Mwache, mama," akasema. "Anajikaza."

Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa kejeli ningemwelewa, kejeli ndiyo lugha yetu mimi na yeye. Aliyasema kwa upole, kama anamtoa mtu wasiwasi, na mama akageuka akamtazama kana kwamba amepigwa kofi na mtoto mchanga.

Ndani, kifua kikapanda, kikakaa. Tukangoja. Nesi akainama, akaweka vidole viwili juu ya kifua, akawa anakibonyeza kwa muda mrefu, daktari akaja naye akabonyeza. Mwisho nesi akautoa ule mpira puani taratibu, akambandua plasta shavuni, akamvutia shuka dogo mpaka juu ya uso. Redio alitazama yote bila kupepesa.

Mama ndiye aliyepiga yowe. Tangu nizaliwe sikuwahi kulisikia. Lilitoka chini kabisa, lilijaza korido mpaka watu wa benchini wakasimama, na mlinzi akavua kofia. Na mlango wa leba ukafunguka kwa kishindo, mkunga akatoka mbio na raba zake, glavu mkononi, anaangaza huku na huku amtafute mwenye sauti. "Nakuja!" alikuwa anasema. "Nani huyo? Nakuja!"

Alifika kabla mama hajavuta pumzi ya pili.