Bunduki Mpya ya Kunguru

Jirani yetu hapa Mji wa Kale amenunua bunduki ya upepo yenye darubini, apate kuwapiga kunguru wanaokula makinda ya njiwa wake juu ya paa. Kibali anacho, nilimwuliza mara mbili.

Jumamosi aliileta barazani atuonyeshe. "Haina risasi, usiogope," aliniambia. Nikaweka jicho kwenye darubini, nikaona kibanio kilichopasuka kwenye kamba ya nguo, mwisho wa kichochoro.

Bi mkubwa wa nyumba ya pili, aliyekuwa mlangoni kwake akichambua mchicha, akamgeukia jirani. "Mwanangu, hiyo darubini ukiwa nayo juu, yavuta mpaka uani kwangu?"

"Yavuta, mama. Lakini mimi shabaha yangu ni kunguru."

"Na kunguru hutua wapi?"

Jirani akajikuna kidevu. "Ukutani kwako."

"Basi fanya kama fundi wa paa. Kabla hujapanda piga ukelele, tujisitiri."

Asubuhi yake akachukua bunduki, akaita kwa sauti ya mnadi: "Napandaa! Jisitirini!" Wanawake wakaingia ndani. Kunguru nao wakaruka wote, wakaelekea sokoni Marikiti.

Tangu hapo hupanda kila asubuhi na jioni mikono mitupu, akaita, akashuka. Makinda wamenenepa. Bunduki iko kabatini, haijafyatuliwa hata mara moja. Juzi nilimwuliza anaionaje.

"Darubini safi, na uzito wake wafaa bega," alisema. "Ila ina kasoro moja: haina kelele."