Sehemu (a): Hapana

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa meza isiyo na droo, kompyuta iliyokuwa ikinguruma kama jenereta, na swali kuhusu majosho ya ng'ombe. Mjumbe mmoja wa baraza la mkoa, wa upande wa upinzani, alitaka kujua kama kuna josho la serikali linalofanya kazi katika eneo lake. Mimi nilikuwa nimetoka Morogoro na stashahada ya kilimo, nimemfuata mume wangu aliyerudi kwao Afrika Kusini baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Nilikuwa na hamu ya kuonyesha kwamba nafaa. Nikapiga simu kutwa nzima, nikagundua kwamba josho moja linafanya kazi na matatu yamekauka, moja kati ya hayo limeota majani hadi ndani. Niliandika kurasa mbili safi.

Bosi wangu wa kwanza, Ofisa Mwandamizi wa Maswali, alikuwa mzee wa Kikaburu aliyebaki kutoka serikali ya zamani. Alizisoma kurasa zangu mpaka mwisho, bila haraka, kisha akachukua kalamu na kuandika juu yake neno moja: Ndiyo.

"Lakini matatu hayafanyi kazi," nikamwambia.

"Bibi, aliuliza kama yote yanafanya kazi?"

"Hapana."

"Basi jibu alichouliza. Usijibu alichotaka kuuliza. Akitaka zaidi, ajifunze kuuliza."

Nilicheka, na yeye akacheka. Nilirudi nyumbani, mtaa wa Kensington, nikamsimulia mume wangu kama kichekesho. Yeye hakucheka. Aliniuliza wenye ng'ombe watawaogeshea wapi, nikamwambia hilo halikuwa swali. Nilikuwa nimekaa kazini saa nane tu na tayari nilikuwa nimeshaiva.

Ninyi vijana mnaotaka kuingia serikalini, na wapo wajukuu zetu wanaotaka, niwaeleze kazi yenyewe ilivyokuwa. Mjumbe wa baraza ana haki ya kumuuliza waziri wa mkoa jambo lolote lililo chini ya idara yake. Swali la mdomo hujibiwa barazani, waziri akiwa amesimama, na baada yake huja maswali ya nyongeza, yale yasiyoandikwa popote, ambayo ndiyo huwatoa mawaziri jasho. Swali la maandishi hujibiwa kwa karatasi. Huwa limegawanywa vipande: (a) je, jambo hili limetokea, (b) kama ndiyo, hatua gani zimechukuliwa, (c) nani anawajibika. Ukitazama vizuri utaona kwamba kazi yote iko kwenye (a). Ukiandika "hapana" pale, (b) na (c) unaziandikia "haihusiki", unaenda kunywa chai.

Rasimu ya jibu ilianzia kwangu. Ikapanda kwa mkurugenzi, ikapanda kwa mkuu wa idara, ikafika kwa waziri kutiwa saini. Katika miaka yangu yote sikumbuki rasimu iliyoongezwa neno njiani. Kila mmoja alipunguza. Na kulikuwa na kanuni moja ambayo wananchi hawaijui: swali likishajibiwa, haliwezi kuulizwa tena mpaka kikao cha mwaka ule kiishe. Ukijibu vibaya, umejibu kwa mwaka mzima.

Kutoka kilimo nikahamishiwa mazingira, na huko nikakaa muda mrefu kuliko kote. Mkurugenzi wa Mazingira alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye akili kali na roho nzuri, aliyekuja hospitali mara tatu mume wangu alipokuwa anaumwa na akakaa nami msibani siku zote. Nasema hivyo ili msije mkadhani nitamsingizia. Yeye ndiye aliyeniletea pia mafaili ya makanisa. Makanisa yanayoomba kwenye vilima na maeneo ya wazi, yanayobatiza kwenye vijito, yanayolima viwanja vya serikali kwa kibali: wajumbe walikuwa wakiuliza juu yao kila mara, na hakuna ofisa aliyeyataka mafaili hayo. "Sisi, wewe unawajua watu hao," akaniambia, akiniita dada kwa Kizulu. Alimaanisha wageni. Nilikuwa na kitambulisho cha nchi kwa miaka mingi wakati huo, lakini sikubisha.

Basi ikawa kanisa moja la Wakongo, watu wa Bukavu na Uvira, lenye ukumbi wa kupanga kule Bellevue, lilikuwa na kibali cha kulima kipande cha ardhi upande wa kusini, ukishapita Turffontein, kando ya kijito kinachotoka chini ya kifusi cha mgodi wa zamani. Walilima lengalenga, yaani mchicha, na maboga na maharage. Wanawake kama ishirini walikuwa wanakula na kuuza kutokana na kipande kile, na Jumapili moja moja mchungaji alibatiza hapo hapo kijitoni. Kiongozi wa wanawake aliitwa Mama Riziki, mjane, mwenye watoto wanne. Nilikuwa nanunua mboga kwake kila Jumamosi. Alikuwa akiniongezea fungu moja juu na kunitania kwamba Watanzania hatujui kupika majani, tunayachemsha mpaka yanaomba msamaha.

Siku moja wanawake hao walikuja ofisini kwangu. Hawakutuma barua. Walikuja wenyewe, saba, wamevaa vitenge vya kanisani vya sare moja, wametanguliza wazee wawili na gunia dogo la lengalenga. Kwao jambo zito haliandikwi kwenye karatasi na kutumwa kama bili ya umeme. Jambo zito linapelekwa kwa miguu, na mtu wa heshima ndiye anayelisema. Mlinzi wa chini alinipigia simu akasema, "Mama, kuna kwaya hapa inakutafuta."

Mama Riziki ndiye aliyesema. "Mama Nomsa, tulikuya kukuambia mambo ya mayi. Mayi ya kijito imekuwa rangi ya kutu. Lengalenga inakauka toka chini. Batoto benye balibatizwa mwezi ule banajikuna mpaka damu. Tunaomba serikali ikuye ione."

Nilishika daftari langu la jalada gumu, nikaandika yote. Niliandika kwa Kiswahili, kwa sababu ndivyo walivyosema: rangi ya maji, tangu lini, mimea gani, watoto wangapi. Mzee mmoja akauliza kama inafaa waandike pia barua kwa Kiingereza, wamtafute mtu. Nikamwambia, "Hapana, mzee wangu, msihangaike. Mimi nimeshaandika." Ndilo kosa langu la kwanza, na nililifanya kwa upendo. Niliona aibu kuwaambia watu waliokuja na wazee wao kwamba serikali haijawasikia mpaka karatasi igongwe muhuri masijala, yaani chumba kile cha chini ambako barua zote hupokelewa na kupewa namba. Nikawasindikiza mpaka kwenye robot, zile taa za kuongoza magari, ya barabara kuu, tukaagana kwa kukumbatiana.

Niliwapigia watu wa Kitengo cha Ukaguzi wa Maji. Wakasema wamezidiwa, niwaandikie dokezo. Nikapanga kuliandika. Wiki hiyo kulikuwa na bajeti, wiki iliyofuata ugonjwa wa nguruwe, na dokezo halikuandikwa.

Kisha swali likaja. Mjumbe mmoja kijana, sijui alisikia wapi habari za kijito, alikuwa ameuliza kwa maandishi: (a) je, idara imepokea malalamiko yoyote ya maandishi kuhusu maji ya kijito hicho kutoka kwa wakulima au makanisa wanaokitumia, (b) kama ndiyo, ni hatua gani zimechukuliwa kulinda mashamba na waumini, (c) ni lini maji yatapimwa. Lilikuwa swali zuri. Mazingira, kilimo na kanisa, yote katika karatasi moja, na yote yakaangukia mezani kwangu.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi. Nilimwambia kuna wanawake walikuja, na kwamba nina maelezo yao kwenye daftari.

"Masijala ina barua?"

"Hapana. Walikuja wenyewe. Niliandika mimi."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiswahili."

Alivua miwani akafikicha macho. "Eish, Sisi. Ukiandika ndiyo, (b) itatuuliza tumefanya nini, na hatujafanya kitu. Waziri atakasirika na jina litakalotajwa ni lako." Akairudisha miwani. "Lakini wewe ndiye uliyewaona. Andika unavyoona ni sawa, nami nitapitisha."

Wenzangu wa zamani, kama wangeweza kusoma haya, wangesema mkubwa alinisukuma. Hakunisukuma. Ilikuwa saa sita mchana, jua linawaka, masijala iko ghorofa mbili chini. Karani wa masijala alikuwa rafiki yangu. Angenigongea muhuri kwenye nakala ya ukurasa ule wa daftari na kunipa namba kabla chai haijapoa. Nilikaa nikaangalia skrini. Nilijiuliza je, haya ni malalamiko ya maandishi? Waliosema ni wao, aliyeandika ni mimi. Nikaona kwamba kwa kanuni, hayapo. Nikafurahi. Naona haya kusema, lakini nilifurahi jinsi mtu anavyofurahi akipata njia. Nikaandika: (a) Hapana. (b) Haihusiki. (c) Haihusiki. Kazi safi, mistari mitatu. Waziri akatia saini bila swali, na Mkurugenzi hakunitazama usoni kwa siku mbili.

Mjumbe yule kijana hakuweza kuuliza tena mwaka ule, na kabla mwaka haujaisha chama chake kilimhamishia kamati nyingine. Lakini Kitengo cha Ukaguzi, kwa mpango wao wenyewe wa mzunguko, hatimaye walifika kijitoni. Wakachota maji, wakapima, wakakuta hayafai. Sasa sikilizeni serikali inavyofikiri. Haikuandika kwamba mgodi umeharibu maji ya wakulima. Iliandika kwamba kanisa linamwagilia mboga za kuuza kwa maji yasiyofaa na kubatiza watu humo bila ruhusa, na kwamba kwa kuwa hakuna malalamiko yoyote yaliyowahi kupokelewa kutoka kwao, idara inachukulia kwamba walijua na kunyamaza. Kibali kikafutwa. Chini ya barua, kama kumbukumbu, lilitajwa jibu la waziri barazani. Jibu langu.

Na kwa kuwa mimi ndiye niliyewajua watu hao, nilitumwa niisome barua kwa Kiswahili, shambani, mbele yao.

Nilisoma. Sauti yangu ilikuwa nzuri, ya kiofisi. Nyuma yangu tingatinga lilikuwa limeshawashwa. Wanawake walikuwa wamesimama kwenye matuta yao, wengine wameshika majembe, na hakuna aliyenipigia kelele, ingawa kelele ningezipenda zaidi. Nilipofika kwenye maneno "hakuna malalamiko yoyote yaliyopokelewa", Mama Riziki akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mama Nomsa, ile mambo uliandikaka mu buku, ilifika wapi?"

Nikamjibu, "Bado inashughulikiwa, dada."

Miaka iliyobaki niliimaliza ofisini kwa waziri, nikiwa mkuu wa kitengo kizima cha majibu. Nilikuwa hodari. Vijana waliletwa wajifunze kwangu, nami nikawafundisha nilivyofundishwa, na walicheka kama nilivyocheka. Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba. Mkuu wa Idara alisema katika utumishi wangu wote hakuna jibu langu hata moja lililowahi kurudishwa kwa kosa. Watu wakapiga makofi. Ilikuwa kweli kabisa, na nilitamani kumrushia ile saa.

Sasa nakaa nyumbani. Binti yangu Nomsa anaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kizulu, na watoto wake hata kuelewa hawaelewi, kwa hiyo haya hawatayasoma. Nayaandika kwa lugha hii kwa sababu ile nyingine, Kiingereza, niliitumia kwa waziri mpaka ikaisha ladha. Mkiniuliza nimejifunza nini, nitawaambia: sikupotea kwa sababu ya wakubwa wabaya. Nilikuwa na wakubwa wa kawaida, na mmoja mwema. Nimekuwa nikiilaumu idara kwa miaka, nikiamka asubuhi naigombeza peke yangu jikoni, na yote niliyoyasema ni ya kweli, na bado haitoshi.

Mwezi uliopita nilikwenda Bellevue. Mama Riziki sasa anasuka nywele kwenye chumba cha mbele cha nyumba iliyogawanywa vyumba, na anasimama kutwa kwa miguu iliyovimba. Alinikaribisha, akanitolea kiti, akamtuma mtu akaninunulie soda. Mteja wake alipoondoka nilimwambia yote: swali la mjumbe, daftari, ghorofa mbili, mistari mitatu. Nilimwambia kwamba ile "hapana" niliiandika mimi, kwa mkono huu.

Alikuwa anatoa nywele kwenye kitana. Hakuacha kuzitoa.

"Na kama ungeandika ndiyo," akauliza, "bangekufukuza kazi?"

Nilitaka sana kusema wangenifukuza. Watoto wangu walikuwa shule, mume wangu alikuwa ameshafariki, na yeye angeamini, kwa sababu yeye pia ni mjane na anajua maana yake. Aliinua macho akanisubiri, na usoni mwake niliona kwamba alikuwa anatamani niseme hivyo, ili apate njia ya kunisamehe.

"Hapana," nikamwambia. "Wangenigombeza tu."